Ndizi ya Kakao na Meno ya Mama Mkwe

Binti yetu wa mwisho aling'olewa gego akiwa na miaka saba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nasimama mbele ya watoto wa watu kuwafundisha usafi wa kinywa, na siku ile kwa daktari wa meno pale Biharamulo nilisimama kama mwanafunzi mkosaji. Daktari alinionyesha lile jino kwenye kisahani cha chuma. Lilikuwa na tundu ambalo punje ya mtama ingeingia yote.

"Mama, huyu mtoto anakula nini?" akaniuliza.

Nikaanza kutaja ugali, maharage, ndizi za kupika, mboga. Mtoto mwenyewe, mdomo umejaa pamba, akaninyooshea vidole vitatu. Sikumwelewa. Akaonyesha tena, vitatu, kisha akajifanya analamba kitu. Ndipo nikajua kwamba anahesabu barafu za rangi anazokula kwa siku. Tatu, kila siku, na mimi mama yake sikuwa najua hata ya moja.

Tunakaa Lusahunga, nyuma kidogo ya barabara ya Rusumo, na mume wangu ana kibanda cha kuziba na kubadilisha matairi ya malori. Madereva wanasimama, wanakula, wanalala, na kila duka lina boksi la barafu nyekundu na za kijani. Wateja wa mume wangu ndio waliokuwa wanamnunulia binti yetu, kwa sababu anawasalimia vizuri. Shikamoo moja, barafu moja. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimeduwaa, nikawa namwangalia mtoto kama mgeni.

Kumkataza peke yake nilijua hakutanisaidia. Friza tulikuwa nayo, ndogo, ya mtumba, tuliyokuwa tunaweka nyama na dagaa. Nikaiosha kwa maji ya ndimu mpaka harufu ikaisha. Kwenye simu nilikuwa nimemwona mama mmoja akichovya matunda kwenye chokoleti aliyoitengeneza mwenyewe, nikasema hebu nami nijaribu.

Ndizi zilikuwa tele, kisukari, zile ndogo. Niliziacha ziive mpaka maganda yakapata madoa meusi, maana hapo ndipo utamu wake unatosha bila kuongeza kitu. Nikazimenya, nikazikata katikati, kila kipande nikakichoma kijiti cha mshikaki. Karatasi ya kuokea sikuwa nayo, kwa hiyo nilichukua jani la mgomba, nikalipitisha juu ya moto mpaka likalegea, nikalitandaza kwenye sinia na kuzipanga ndizi juu yake zisigusane. Zikaingia kwenye friza asubuhi, na mchana zilikuwa ngumu kama mti.

Kilichonitoa jasho ni kakao. Nilinunua kopo la unga wa kakao usio na sukari, na mafuta ya nazi. Unayeyusha mafuta kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, unatia kakao, unakoroga, unaweka asali kijiko kimoja na chumvi kidogo sana. Mara ya kwanza mvuke uliingia kwenye bakuli na matone ya maji, kakao yote ikakatika ikawa tope. Mara ya pili niliona huruma nikaongeza asali, ikakataa kuganda, ikawa inachuruzika mpaka viwikoni. Mara ya tatu nilifuta bakuli likakauka kabisa, nikapima asali kwa jicho la ubahili, nikachovya ndizi na kuiinua. Ile kakao iliganda palepale mbele ya macho yetu, ikatoka kwenye kung'aa ikawa nyeusi isiyo na mng'ao, kama mtu ameizima. Binti yangu alipiga ukelele. Na mimi, mtu mzima, nilipiga ukelele.

Aliuma, akakunja uso. "Mama, ni chungu."

"Tafuna kwanza."

Akatafuna. Alipofika kwenye ndizi uso ukakunjuka. Akaendelea mpaka kijiti kikabaki kitupu.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya Jumamosi. Tulijaribu nanasi, likakubali. Embe likakubali pia, ila linateleza kijitini. Wakati mwingine tuliviringisha ndizi kwenye karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu kabla kakao haijaganda, na hapo lazima uwe na mkono mwepesi. Mume wangu alikuwa akipita jikoni na mikono yake ya grisi anafungua mdomo kama kifaranga, nami namlisha. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili kwa sababu baadaye nilijilaumu sana, kana kwamba ni mimi niliyekwenda kuchokonoa.

Msimu wa mananasi mama mkwe alikuja kutoka Kibimba, kule Ngara. Alikuja na mananasi sita, mkungu wa ndizi, na maharage mapya ndani ya kikapu alichokisuka mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, wa miaka sabini na kitu, anayekaa amenyooka hata kwenye kigoda. Akiongea, mkono wake hauendi mbali na kidevu. Akicheka, anavuta pembe ya kitenge anafunika mdomo. Mimi nimetoka kwa Wasukuma waliohamia Nyamigogo, kwetu wanawake wanacheka mpaka ng'ombe wanageuka, kwa hiyo niliona ile ni heshima ya Kihangaza, ya watu wa Ngara, nikawa najitahidi kuiga nikiwa mbele yake.

Baba mkwe simkumbuki sana, alifariki mwaka wa pili wa ndoa yetu. Alikuwa mwalimu wa dini. Picha yake imetundikwa sebuleni kwetu: shati jeupe, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Lakini nimeishi naye miaka kumi na minne kwa njia nyingine, kwa sababu kila tulipogombana, mume wangu alimleta. "Baba hakuwahi kumpandishia mama sauti. Hata siku moja." Akisema hivyo, mimi ndiye ninayeonekana mkorofi, na ugomvi unaisha nimeshindwa. Nami niliamini. Nilikuwa nikiitazama ile picha nasema moyoni, kweli, wanaume wa namna hii walikuwepo.

Jumapili baada ya ibada tulikaa uani, chini ya bati la jiko, mama mkwe, mume wangu, binti yetu na mimi. Tulikuwa tumeshakula. Binti akamletea bibi yake ndizi ya kakao iliyotoka kwenye friza dakika hiyo, imevaa ukungu wa baridi.

"Bibi, hii nimetengeneza mimi."

"Wewe? Mikono hiyo?" Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa. "Na nyeusi hii ni nini?"

"Kakao, Mama," nikasema. "Subiri kidogo ilainike, ni baridi sana."

Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele yake anasubiri, na yeye hakutaka kumwangusha mjukuu. Akafungua mdomo akauma kwa nguvu, kwa meno ya mbele. Nilisikia kakao ikipasuka. Akavuta kijiti.

Kilichotokea hapo akili yangu ilikikataa kwanza. Ndizi ilitoka mdomoni mwake na meno yamekaa juu yake. Meno manne, yamejipanga, yameshikwa na kipande cha plastiki ya rangi ya ufizi, yameganda kwenye ndizi kama bado yanaendelea kuuma. Na uso wa mama mkwe, ule uso nilioufahamu, ulikuwa umeingia ndani. Mdomo wa juu ulikuwa umezama. Kwa ghafla alikuwa mzee mwingine kabisa ameketi kwenye kigoda chake.

Hakuna aliyecheka. Nimewahi kusimulia sehemu hii kwa walimu wenzangu na wao wakacheka, lakini sisi pale uani hatukucheka. Mume wangu alikuwa na kikombe cha chai karibu na mdomo na kikombe kikabaki hapohapo. Nilimtazama nikajua kwamba hata yeye hakuwa anajua. Miaka arobaini na mbili ni mtoto wa mwanamke huyu, amekula naye, amemuuguza malaria, na hajawahi kujua kwamba meno yale si ya kwake.

Mama mkwe hakufunika mdomo. Nadhani hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Mkono ulianza kupanda kwenda kidevuni, ukafika nusu, ukarudi magotini. Alibaki anaangalia ile ndizi.

Binti yangu ndiye aliyezungumza. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na pengo lake mwenyewe na alifurahi kupata mwenzake.

"Bibi, na wewe waling'oa? Ulikula barafu nyingi?"

Mama mkwe akamjibu kwa Kihangaza. Maneno machache tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizwa njia. Kihangaza changu ni cha salamu na sokoni, sikushika. Nilichoona ni uso wa mume wangu. Damu ilihama. Chai ilimwagika kwenye suruali yake ya kanisani na hakutikisika.

"Amesema nini?" nikauliza. "Baba watoto, Mama amesema nini?"

Mama mkwe akanigeukia mimi. Bila meno yale maneno yake yalikuwa yanatoka na upepo, akasema polepole ili nisikie.

"Nimesema hapana, si barafu. Babu yake alinipiga na mpini wa jembe."

Nakumbuka kitu cha kipuuzi, kwamba nilisimama nikaenda kuichukua ile ndizi mkononi mwake, nikayachomoa yale meno, nikayaosha kwa maji ya mtungi na kuyaweka kwenye kisahani safi, na muda wote huo nilikuwa nawaza kwamba maji haya ni baridi, ningemtilia ya uvuguvugu. Nilimwambia mtoto aende kucheza. Akaenda.

"Lini?" mume wangu akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Zamani. Wakati wa kupalilia. Nilimpa dada yangu mkungu mmoja wa ndizi, sikumuuliza baba yako kwanza. Akarudi akaona shina limekatwa."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni."

Mume wangu aliinuka. Alitoka kwa lango la nyuma bila kofia, bila simu, nikamwona anapita kati ya malori yaliyoegeshwa. Nilitaka kumfuata, mama mkwe akanishika kitenge.

"Mwache atembee."

Tukabaki wawili. Akanieleza, na sikumwuliza, kwamba ilikuwa mara moja tu. Kwamba baba mkwe alipoona damu alilia kuliko yeye. Kwamba aliwaambia watu mkewe ameteleza mtoni na mtungi, na mwaka uliofuata akampeleka mwenyewe hospitali ya misheni kutengenezewa meno, na tangu hapo mpaka anakufa hakumgusa, hakumpandishia sauti. Watoto walikua wakiona mama ana meno. Usiku aliyavua taa ikishazimwa.

"Alikuwa mpole kweli, basi," nikasema, sijui kwa nini nilisema hivyo, labda nilikuwa namtafutia pa kushika.

Akaniangalia sana. "Alikuwa anaogopa mdomo wangu, mwanangu. Kila nilipofungua mdomo alikuwa anaona."

Sasa niseme na la kwangu. Nikiwa nimeketi pale na yule mama, ndani yangu kulikuwa na kitu kilichofanana na furaha. Miaka kumi na minne nimepimwa kwa kipimo cha mtu yule, na sasa kipimo kimevunjika. Nililijua wazo hilo lilipopita na nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na meno. Mwanamke ameketi mbele yangu na uso uliobonyea, nami nahesabu nilichoshinda. Niliona aibu ambayo haijaniisha.

Mume wangu alirudi jua likiwa bado halijashuka sana, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hakumwangalia mtu. Aliingia sebuleni, akashusha picha ya baba yake ukutani, akawa anaipeleka chumbani. Mama mkwe akamwita.

"Irudishe."

"Mama, siwezi kukaa naiangalia."

"Ni picha ya mume wangu, si yako peke yako. Irudishe. Usimchukie. Ila usiniambie tena kwamba alikuwa malaika, maana nimechoka kuitikia."

Akairudisha. Ilikaa upande kidogo, na hakuna aliyeinyoosha.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa za ajabu nyumbani kwetu. Mama mkwe hakuyavaa tena yale meno. Kile kisahani kikakaa dirishani na meno yake, na yeye akazunguka uani na pengo lake wazi, akasalimiana na majirani, akaenda dukani. Mara ya kwanza alipocheka bila kuvuta kitenge, mume wangu alitoka nje. Hakuwa amekasirika. Alisema tu kwamba hakuwahi kujua mama yake anacheka kwa sauti ile.

Ndizi ngumu hakuziweza tena, basi nikatafuta njia nyingine. Nilichukua papai lililoiva sana, nikalisaga kwa uma pamoja na maziwa mgando niliyoletewa kutoka kwetu Nyamigogo, nikatia mbegu za pasheni, nikagawa kwenye vikombe vidogo na kuviingiza kwenye friza. Vikianza kushika, kabla havijawa jiwe, nilivitoa na kumimina juu yake kakao nyembamba kama ganda la yai. Anaivunja na kijiko, inayeyuka yenyewe mdomoni, haihitaji jino. Alikula kikombe kila mchana. Binti yangu alikaa naye anakula chake. Sijui kama kuna kitu nimewahi kupika kwa makini vile. Nilionja, nikarudia, nikapunguza asali, nikaongeza, na kila mara nilikuwa naikumbuka ile ndizi.

Mume wangu alimpeleka kwa daktari wa meno. Daktari aliangalia ile plastiki akasema imepitwa na wakati siku nyingi, ufizi umekwisha kubadilika, ndiyo maana haikushika. Akasema anaweza kumtengenezea mengine. Mama mkwe akamshukuru, akasema atafikiri. Njiani kurudi akamwambia mwanawe kwamba hayataki. Mume wangu hakubishana. Tulimsindikiza kupanda basi la kwenda Ngara na kikapu chake, na kopo la kakao ndani, akatupungia mkono dirishani huku anatabasamu pengo lote wazi, watu wote stendi wanamwangalia.

Siku kumi hazijapita, wifi yangu akapiga simu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Kibimba karibu na mama yake. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nakoroga kakao. Nikaweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu ya mikono yangu, na kabla sijasalimu akaanza.

"Mmemfanya nini Mama? Ametoka kwenu hana meno! Kanisani wamemuuliza na amewaambia! Amewaambia wote, wifi, amesimama nje ya kanisa anasimulia habari za Baba kama anasimulia habari za mvua!"

Mume wangu alikuwa mlangoni. Akaja akainama kwenye simu.

"Dada, ni kweli. Mama hasemi uongo. Na mimi nimesikia kwa masikio yangu."

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha tukamsikia anapumua.

"Najua ni kweli," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Nilikuwa na miaka mitano. Nilikuwa mlangoni. Mimi ndiye niliyeyaokota yale meno."

Nilizima jiko. Mume wangu alikaa chini, sakafuni, kati ya ndoo na gunia la mkaa. Mama hakuwahi kumwambia, dada hakuwahi kumwambia, na wale wawili, tulikuja kujua baadaye, hawakuwahi kuambiana hata wao kwa wao. Mama alidhani mtoto amesahau. Mtoto alidhani akisema, Baba atarudia.

"Dada," mume wangu akasema mwishowe, "njoo. Njoo huku kwetu, au nije mimi."

Alikuja yeye, Jumamosi iliyofuata. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, lakini siku ile alishuka kwenye basi ananong'ona. Kaka na dada walikaa uani mchana kutwa wakizungumza Kihangaza. Niliwapelekea vikombe viwili vya papai na kakao, vikayeyuka vikawa uji, wakavinywa hivyohivyo bila kuangalia wanakunywa nini.

Ilipofika alasiri mume wangu aliingia jikoni kuchukua maji. Macho yalikuwa mekundu. Akaniambia kwamba dada yake aliyafukia yale meno siku ileile, kwenye shina la mgomba nyuma ya jiko la mama, akayafunika na majivu, na kwamba mpaka leo, miaka yote hiyo, hajawahi kula ndizi ya shina lile. Aliniambia hayo amesimama, jagi mkononi. Kisha akajaza maji, akarudi uani kwa dada yake.